Ethanoli ndani ya petroli: kanuni haifi bungeni, hufa kwenye bei

LILONGWE – Kila MERA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini Malawi, inapotangaza bei mpya ya petroli, lawama huzunguka: serikali, waagizaji, dola, na mwisho ethanoli. Kwa wenye minibasi na wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili katika eneo la Kawale, hoja ya ethanoli ni nyepesi kueleweka. Kama petroli inachanganywa na spiriti ya miwa inayotengenezwa humu humu nchini, mbona mteja analipa bei ya petroli tupu? Na kama mchanganyiko huo haumletei nafuu, kwa nini Bunge lisiufute?

Swali hilo linastahili jibu la hesabu kuliko jibu la hasira, kwa sababu linagusa nauli, gharama ya kubeba mzigo na bei ya bidhaa hadi sokoni Dzaleka. Jibu lenyewe huenda likawashangaza wengi. Uzoefu wa nchi zilizotangulia unaonyesha kwamba kanuni za kuchanganya mafuta hufutwa bungeni kwa nadra sana. Marekani wabunge walijaribu mara nyingi na kanuni ikabaki. Kenya mpango wake ulikufa bila ya kushindwa katika kura. Kilichoamua pote ni bei, malighafi na fedha za kigeni, na mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua Malawi.

Kanuni ilikotoka

Malawi ilianza kuchanganya ethanoli na petroli mwaka 1982, wakati nchi nyingi za Afrika hazijafikiria jambo hilo. Sababu haikuwa mazingira. Nchi haina bandari, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda vibaya baada ya mwaka 1979, na vita vya Msumbiji vilikuwa vikikata njia za reli za Beira na Nacala. Kila lita iliyotengenezwa nyumbani ilikuwa lita moja isiyohitaji kuzungushwa hadi Afrika Kusini.

Kiwanda cha kwanza, cha kampuni ya Ethco, kilijengwa Dwangwa wilayani Nkhotakota, kando ya kiwanda cha sukari. Cha pili, cha Presscane, kilianza kazi mwaka 2004 huko Nchalo wilayani Chikwawa, nacho pia karibu na kiwanda cha sukari. Vyote viwili hutumia molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa. Muuzaji mkubwa wa molasi ni kampuni ya sukari ya Illovo, na kwa miaka mingi kampuni ya Press Corporation imekuwa na hisa katika viwanda vyote viwili vya ethanoli.

Kwa upande wa sheria, Bunge lilipitisha sheria za nishati mwaka 2004, na MERA ikaanza kazi mwaka 2007. Lakini kiwango cha ethanoli katika petroli si jambo linalopigiwa kura kila mara. Kimekuwa kikipanda na kushuka, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20, kwa maamuzi ya serikali na mamlaka zake na kwa kutegemea kiasi cha ethanoli kilichopo. Kwa hiyo anayesubiri muswada bungeni ili ajue hatima ya mchanganyiko huu anatazama mlango ambao kwa kawaida haupitiwi na mtu.

Washington: kura nyingi, kanuni ile ile

Mfano mkubwa wa wabunge kujaribu kuziondoa kanuni za namna hii unatoka Marekani. Bunge la nchi hiyo liliweka kiwango cha lazima cha nishati jadidifu katika mafuta ya magari kwa sheria ya mwaka 2005, likakiongeza kwa sheria ya mwaka 2007. Lengo lilikuwa kufikia galoni bilioni 36 kwa mwaka ifikapo 2022. Sehemu kubwa ya ethanoli yao hutoka kwenye mahindi.

Upinzani haukuchelewa. Wafugaji wa kuku na nguruwe walilalamika kwamba mahindi ya chakula cha mifugo yamepanda bei. Watengenezaji wa injini za boti na mashine ndogo wakasema ethanoli ikizidi asilimia 10 inaharibu bidhaa zao. Februari 2011 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 285 dhidi ya 136 kuinyima mamlaka ya mazingira fedha za kutekeleza ruhusa ya petroli yenye ethanoli asilimia 15. Kifungu hicho hakikufika katika bajeti ya mwisho. Mwaka 2013 na miaka iliyofuata miswada ya kufuta kanuni yote ililetwa katika mabaraza yote mawili. Hakuna uliogeuka sheria.

Kilichoondoka ni kitu kingine. Juni 2011 Baraza la Seneti lilipiga kura 73 dhidi ya 27 kuunga mkono kuondolewa kwa ruzuku ya senti 45 kwa kila galoni ya ethanoli, na ruzuku hiyo ikafikia kikomo Desemba 31 mwaka huo. Fedha za serikali zilikatwa, lakini wajibu wa kuchanganya ukabaki. Sababu haihitaji digrii ya uchumi: majimbo yanayolima mahindi yana maseneta, na wakulima wake hawako tayari kupoteza soko ambalo sheria imewahakikishia. Kanuni ikishajenga kundi la watu wanaoishi kwayo, kuifuta kwa kura huwa kazi nzito.

Kenya na Zimbabwe: hakuna kura iliyohitajika

Afrika Mashariki ilishuhudia kinyume chake. Kenya ilianza kuchanganya ethanoli kutoka kiwanda cha Muhoroni mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya Malawi. Kufikia 1993 mpango ulikuwa umekwisha. Wachunguzi waliofuatilia suala hilo walitaja mambo kadhaa: bei iliyopangwa na serikali haikulipa gharama, kiwanda hakikutunzwa inavyopaswa, kampuni kubwa za mafuta hazikuupenda mpango huo, na thamani ya shilingi ikageuka dhidi yake. Wakati huo huo ethanoli ile ile ilikuwa na wateja wengine nje ya vituo vya mafuta. Bidhaa hufuata bei, na ikaondoka.

Zimbabwe, ambako malori mengi ya Malawi hupita, ilichukua njia ya amri. Mwaka 2013 serikali ilitoa kanuni namba 17 iliyowalazimisha wauzaji kuchanganya ethanoli, ambayo sehemu kubwa yake hutoka katika kiwanda cha Green Fuel huko Chisumbanje. Tangu hapo kiwango kimekuwa kikibadilishwa, kuanzia asilimia 5 hadi 20, kulingana na akiba iliyopo. Bei ya petroli duniani iliposhuka kati ya mwaka 2014 na 2016, lawama zilikuwa kwamba ethanoli imekuwa ghali kuliko petroli inayotoka nje, na mwenye gari hakuwa na pa kukimbilia. Hapo ndipo penye hatari ya kanuni ya lazima: mnunuzi analazimishwa, muuzaji yuko mmoja au wawili, na bei isipowekwa wazi mlaji hana kinga.

Tanzania nayo ina somo lake, ingawa linahusu mchanganyiko haramu. Uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa ulishamiri mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, lakini pigo kubwa lilikuja katika bajeti ya 2011/12, kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa na faida ya kuchakachua ikapungua. Hapo tena bei ilifanya kazi ambayo katazo peke yake halikuweza kuifanya.

Hesabu ya lita 100

Sasa turudi Lilongwe. Lita moja ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya lita moja ya petroli. Ukichanganya lita 90 za petroli na lita 10 za ethanoli, unapata lita 100 kwenye tenki, lakini nguvu yake ni sawa na ya lita 97 hivi za petroli tupu. Gari litatembea pungufu kidogo, kama asilimia 3. Mchanganyiko ukifika asilimia 20, upungufu unakaribia asilimia 7. Ethanoli inaisaidia injini kuwaka bila kugonga, hivyo magari mengine hupata nafuu kidogo, lakini hesabu ya msingi ndiyo hiyo.

Kwa taifa maana yake ni kwamba lita 10 za ethanoli haziokoi lita 10 za petroli ya kuagiza. Zinaokoa lita sita au saba, kwa kuwa madereva watarudi kituoni mapema zaidi. Bado ni akiba, na kwa nchi inayohangaika na dola si akiba ndogo. Lakini anayedai kwamba ethanoli itamaliza tatizo la mafuta anazidisha chumvi.

Kwa mwenye minibasi hesabu ni hii. Chukua bei ya kwacha 5,000 kwa lita ili iwe rahisi. Upungufu wa asilimia 3 ni sawa na kupoteza takriban kwacha 150 kwa kila lita. Anayetumia lita 40 kwa siku anapoteza kama kwacha 6,000. Si fedha ya kudharau. Lakini Novemba 2023 bei ya petroli ilipandishwa hadi kwacha 2,530, Oktoba 2025 ikafika kwacha 3,499, na Januari 2026 ikasogea karibu na kwacha 5,000. Hilo ni ongezeko la karibu kwacha 2,500 kwa lita katika muda usiozidi miaka miwili na miezi mitatu. Ethanoli inaeleza sehemu ndogo sana ya maumivu hayo. Sehemu kubwa inaelezwa na kwacha yenyewe.

Sarafu hiyo ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, kisha asilimia 44 Novemba 2023, na kufika karibu kwacha 1,750 kwa dola katika benki. Mitaani dola ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya juu zaidi kwa mbali. Kwa muda mrefu bei ya mafuta haikusogea pamoja na gharama halisi ya kuyaleta. Matokeo yake yalionekana mwaka 2024 na 2025: vituo vikavu, misururu ya magari usiku kucha, na petroli ya kwenye madumu kwa bei ya anayeuza. Bunge likifuta ethanoli kesho, nchi itahitaji petroli nyingi zaidi kutoka Beira, Nacala na Dar es Salaam, na kila lita italipiwa kwa dola ambazo hazipo.

Nani anaguswa Kawale na Dzaleka

Ni vyema kutenganisha makundi mawili. Kwa wenye malori yanayotoka Dar es Salaam kupitia Songwe na Karonga, kanuni ya ethanoli haigusi tenki moja kwa moja. Ethanoli huingia kwenye petroli, si kwenye dizeli. Gharama yao inatokana na bei ya dizeli, dola na muda wa kusubiri mpakani.

Wanaoguswa ni wa chini yao: minibasi, pikapu ndogo na pikipiki zinazobeba mzigo wa rejareja. Ndizo zinazounganisha maduka ya Lilongwe na kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka jijini. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tangu operesheni ya Mei 2023 ya kuwarudisha wakimbizi kambini, wengi waliokuwa na maduka mjini walipoteza nafasi ya kununua na kuuza mahali pamoja. Biashara sasa inahitaji mtu wa kati na gari la kukodi. Nauli ikipanda, kilo ya mchele au chupa ya mafuta ya kupikia inapanda Dzaleka kabla ya kupanda Kawale, na inampandia mtu ambaye mgao wake wa chakula umekuwa ukipunguzwa.

Kundi hilo pia ndilo linalonunua kwa madumu wakati wa uhaba. Hapa ethanoli ina hatari yake, nayo haizungumzwi sana. Ethanoli hunyonya maji. Petroli iliyochanganywa ikihifadhiwa kwenye dumu lisilofungwa vizuri, au lililooshwa na kubaki na unyevu, maji kidogo tu, chini hata ya asilimia moja, yanatosha kuifanya ethanoli ijitenge na kushuka chini. Pikipiki ikinyonya sehemu hiyo haiwaki. Mwenye chombo humlaumu muuzaji kwa kumchakachulia, na pengine ni kweli, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini pengine dumu ndilo lililoharibu. Mipira ya zamani ya kabureta nayo huliwa na ethanoli haraka kuliko petroli tupu.

Ethanoli nayo ina pasipoti

Wafanyabiashara wa mipakani wanajua jambo ambalo mjadala wa bei husahau. Ethanoli ya Malawi ina wateja wa aina nyingine: watengenezaji wa pombe kali, viwanda vya dawa na vipodozi, na wanunuzi wa nchi jirani. Mnunuzi wa nje hulipa dola. Muuzaji wa petroli wa ndani hulipa kwacha, kwa bei inayopangwa. Kiwanda kinapolinganisha wateja hao wawili wakati dola ni adimu, si vigumu kujua moyo wake unaelekea wapi. Hivyo ndivyo kanuni inavyoweza kubaki kwenye karatasi huku ethanoli ikipungua kwenye petroli. Kenya ilipita njia hiyo hiyo.

Kuna pia suala la msimu. Miwa huvunwa na kusagwa kuanzia karibu Aprili hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Baada ya hapo viwanda huishi kwa akiba ya molasi. Mafuriko nayo hayatoi taarifa. Januari 2022 kimbunga Ana kiliipiga Chikwawa na kuharibu hata bwawa la umeme la Kapichira. Mashamba ya miwa ya bonde hilo yako kwenye njia ya maji hayo hayo.

Soko la nje nalo halina uhakika. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka Tanzania, zikiwamo mchele na unga, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini kabla ya kulegeza siku chache baadaye. Hakuna bunge lililopiga kura katika vuta nikuvute hiyo. Amri za mawaziri zilitosha kusimamisha malori.

Nini Bunge linaweza kufanya

Haya yote hayana maana kwamba Bunge halina kazi. Kazi yake ipo mahali pengine, wala si kufuta kanuni iliyodumu zaidi ya miaka 40. Wabunge wakitaka kumsaidia mwenye minibasi, wana mambo matatu ya kudai.

Kwanza, kiwango halisi cha ethanoli kilichouzwa kila mwezi kitangazwe, kwa kuwa kiwango kinachoruhusiwa na kile kinachouzwa si lazima vilingane. Pili, bei ya ethanoli ioneshwe peke yake katika mchanganuo wa bei ya lita, ili ijulikane kama ni nafuu kuliko petroli ya kuagiza au la. Viwanda viwili vyenye mteja wa lazima havipaswi kuogopa swali hilo. Tatu, pampu iwe na kibandiko kinachosema asilimia ngapi. Mteja wa Marekani anasoma kibandiko hicho kabla ya kujaza. Mteja wa Lilongwe naye ana haki ya kujua anachonunua.

Kwa wasafirishaji, habari za kufuatilia ni tangazo la MERA, mwanzo wa msimu wa miwa, mauzo ya tumbaku yanayoleta dola, na bei ya dola mitaani. Mambo hayo manne yanaeleza bei ya kesho kuliko muswada wowote. Na kwa anayekodisha gari kati ya Kawale na Dzaleka, ni busara kuanza kupiga hesabu kwa kilomita badala ya lita. Petroli ya mwezi wa Machi na ya mwezi wa Septemba huenda zikauzwa kwa bei moja, lakini si lazima zimfikishe umbali mmoja.